Vipele vya sehemu za siri vinavyorudi kila nikiacha krimu

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina miaka 23, nipo chuo na ninaishi hosteli, chumba cha watu wanne. Huu ni mwezi wa nne natokwa na vipele kwenye uume na korodani. Vinawasha sana, usiku ndiyo balaa, hata usingizi sipati. Nimepima kaswende na VVU, sina. Nimechomwa sindano za penisilini, hazikusaidia. Duka la dawa walinipa krimu ya tyubu. Nikipaka natulia siku mbili tatu, nikiacha vinarudi kwa nguvu zaidi. Sijawahi kunyoa kwa wembe. Mpenzi wangu huko chini hana kitu, ila siku hizi anajikuna vidole, anasema ni sabuni ya kufulia. Nina ugonjwa gani?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Barua nzima umeniandikia habari za uume, lakini mimi nimesimama pale kwenye vidole vya mwenzako. Vipele vigumu kwenye uume na korodani, muwasho unaopanda usiku, na mtu wako wa karibu naye anajikuna vidole: hayo yakikutana, ninachoshuku kwanza ni upele. Nina maana ya ule ugonjwa hasa, unaoletwa na mdudu jamii ya utitiri. Lugha yetu imetuponza kidogo hapa, maana neno moja limebeba mambo mawili, na mgonjwa akiambiwa "una upele" hujibu, "Hilo nalijua, ndiyo maana nimekuja."

Mdudu mwenyewe hafiki hata nusu milimita. Jike huchimba njia kwenye tabaka la juu la ngozi na kutaga mayai mawili matatu kila siku. Mtu mwenye upele wa kawaida huwa na wadudu kama 10 hadi 15 tu mwili mzima. Muwasho wote ule ni mwili kuwakataa wao, mayai yao na kinyesi chao. Ukiambukizwa kwa mara ya kwanza waweza kumaliza wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa popote, kwa hiyo usihangaike sana kutafuta nani alimpa nani. Unapata kwa ngozi kugusana muda mrefu, na hosteli mnalaliana vitanda. Kondomu haizuii.

Kipimo cha damu hakimwoni mdudu huyu, na penisilini haimuui. Umefanya vizuri kupima, ila kama ulikuwa kwenye hatari ya VVU karibu na siku uliyopima, rudia miezi 3 ikishapita.

Sasa krimu. Hukuitaja jina, lakini tyubu nyingi wanazopewa watu kwa ajili ya "muwasho wa huko" huwa ni mchanganyiko: dawa ya fangasi, antibiotiki, na steroidi kali kama betamethasoni au klobetasoli. Geuza tyubu usome. Steroidi inanyamazisha muwasho huku mdudu akiendelea kutaga, ndiyo maana unapata siku mbili za amani halafu moto. Isitoshe, ngozi ya korodani ni nyembamba na hunyonya dawa kuliko ngozi ya mkono. Ukiipaka steroidi miezi na miezi inakonda, inakuwa nyekundu na kuanza kuchoma yenyewe. Ukikuta majina hayo, iweke pembeni.

Leo usiku chukua tochi ya simu ujikague katikati ya vidole, vifundo vya mikono, kwapani, kuzunguka kitovu, mstari wa mkanda na makalio. Ukiona vipele huko pia, au vijistari vyembamba kama uzi vya milimita chache, nenda kliniki ya ngozi au zahanati ukavioneshe pamoja na hivyo vya siri. Usione haya, sisi tunaangalia sehemu hizo kila siku.

Wakithibitisha, dawa zipo. Inayopatikana zaidi ni BBE, yaani benzili benzoeti ya asilimia 25: inapakwa kuanzia shingoni hadi nyayo, inakaa saa 24, na kwa kawaida hurudiwa siku moja au mbili zinazofuata. Inafanya kazi, ila kwenye korodani iliyokunwa itakutoa machozi. Kama mfuko unaruhusu, mimi ningekupa permethrini ya asilimia 5: unaipaka usiku, inakaa saa 8 hadi 14, unaoga, unarudia baada ya wiki moja. Vidonge vya ivermektini navyo vinafaa, dozi mbili kwa kufuata uzito, lakini mwenzako asivimeze kama ana ujauzito.

Wengi hawashindwi na dawa, wanashindwa na upakaji. Anapaka panapowasha tu, au anajitibu peke yake halafu analala na yule yule. Wewe, mpenzi wako na wale wenzako watatu wa chumbani mtibiwe siku moja, hata asiyewashwa. Mashuka, taulo na nguo za siku tatu za mwisho zifuliwe kwa maji ya moto na kupigwa pasi. Kisichofulika kifunge kwenye mfuko wa plastiki wiki moja, maana nje ya mwili mdudu huyu hamalizi siku nyingi.

Baada ya hapo muwasho unaweza kuendelea wiki 2 hadi 4 ingawa wadudu wamekufa, na vinundu vya korodani ni wabishi, vingine hukaa miezi. Usirudie kujipaka kila siku kwa hofu. Ila vikitoka vipya baada ya wiki 4, ama umeambukizwa tena, ama nimekosea mimi, na hapo turudi mezani. Fangasi, kwa mfano, hupenda mapajani penye mikunjo na mara nyingi huiacha korodani. Vipele vyenye kitobo katikati ni ugonjwa mwingine kabisa, wa virusi.

Ukiona kidonda, hata kisichouma, au malengelenge yanayouma na kurudi pale pale, usaha kwenye njia ya mkojo, au mitoki, usisubiri wiki hizo. Nenda siku hiyo hiyo.