Kabla hujalipia shamba, zidisha urefu kwa upana

Ukienda kununua shamba vijijini hapa Tanzania, utaambiwa ekari moja ni hatua 70 kwa 70. Kipimo hiki si cha uongo, ila kinawaumiza wengi. Nimewasindikiza ndugu na majirani kukagua mashamba, na jambo ninalowasisitizia kila mara ni hili: ukitajiwa ukubwa, zidisha mwenyewe.

Eneo la mstatili ni urefu mara upana, tulifundishwa shule ya msingi. Ekari ina mita za mraba 4,047 hivi, sawa na mraba wenye mita 63.6 kila upande. Ili hatua 70 zifike hapo, kila hatua lazima iwe na sentimita 91, yaani mtu ajinyooshe kwelikweli. Dalali akitembea kawaida, tuseme sentimita 75, upande unakuwa mita 52.5, na eneo linashuka hadi mita za mraba 2,756. Umelipia ekari nzima, umeondoka na kama theluthi mbili. Sentimita 16 kwa hatua unaweza kuzidharau, lakini zimekula urefu, zikala na upana.

Nusu ekari ndiyo inayoniuma zaidi. Baba yangu mdogo alikuwa anakaribia kutoa hela kwa "nusu ekari" ya hatua 35 kwa 35. Nikaokota kijiti, nikachora mraba mchangani, nikaupiga msalaba katikati. Vikatokea vipande vinne. "Baba mdogo, unachouziwa ni hiki kimoja." Akaviangalia kimya, halafu akarudi kwa muuzaji wakaanza mazungumzo upya. Nusu ekari ni 70 kwa 35. Ukigawa pande zote mbili kwa mbili, unabaki na robo.

Basi nenda na futi kamba ndefu, upime pande zote nne. Pande zinazotazamana zikilingana usitulie bado; pima na kona kwa kona. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 chenye kona zilizonyooka, ulalo wake ni mita 28.28 kotekote. Ukikuta ulalo mmoja ni mita 32 na mwingine 24, hicho kiwanja kimelala upande: kila ukingo ni mita 20 kamili, lakini eneo ni mita za mraba 384, si 400. Hapo umepoteza chumba cha mita 4 kwa 4. Mafundi wa msingi wanalijua hili vizuri, ndiyo maana hawaanzi kuchimba kabla ya kuhakiki kona.

Mkiandikishana, neno "ekari moja" lisisimame peke yake kwenye karatasi. Andikeni mita za kila upande, mita za ulalo, na jumla ya mita za mraba, mashahidi wakiwa wamesimama palepale kwenye vigingi.