Panya wa msimu wa baridi: ziba kwanza, mtego baadaye

Pole sana dada, hao panya unaosema wanakuingilia nyumbani kila ikifika Juni huko Makambako nawajua vizuri, maana na sisi Njombe ni hivyo hivyo. Mahindi yameshatoka shambani, nje baridi kali, ndani kuna jiko la mkaa na magunia yamejaa, sasa panya afuate nini tena huko nje?

Usianze na sumu nakuomba, hasa ukiwa na watoto, na paka akila panya mwenye sumu naye anaweza kufa. Anza na kuziba. Jioni zima taa, mwingine amulike tochi kwa nje, popote mwanga unapopenya pana kazi. Tundu la kuingia penseli tu panya mdogo anapita, kwahiyo usidharau hata kidogo. Kwenye tundu shindilia stilwaya ile ya kusugulia masufuria halafu pigilia simenti juu, matambara au foronya anatafuna usiku mmoja tu. Chini ya mlango pigilia kipande cha bati.

Magunia yapande kwenye chaga, mbali kidogo na ukuta ili uweze kupita na kuona kinyesi. Ile mifuko ya kinga njaa, ya kuhifadhia nafaka bila kupitisha hewa, inazuia dumuzi, ila panya anaitoboa, na ikitoboka hewa inaingia dumuzi wanarudi, kwahiyo usiitegemee peke yake.

Mitego weka ukutani kabisa, panya hupita pembeni, chambo dagaa au karanga. Na kinyesi usifagie kikavu, nyunyizia maji yenye jiki kwanza ndo ufute.