Uchovu wa Saratani Hauishi kwa Kulala

Nilipokuwa kwenye kemo, yaani tiba ya dawa kali, ya saratani ya titi, kila aliyekuja kunijulia hali alikuwa na agizo moja: pumzika. Nikinyanyuka kuchukua maji, naambiwa kaa, utaletewa. Ni upendo, sikatai. Ila uchovu wa ugonjwa huu si ule wa mtu aliyelima kutwa. Unalala nao na kuamka nao, na kadiri unavyojilaza ndivyo misuli inavyonyong'onyea na pumzi inavyopungua, hadi kwenda msalani kunakuwa safari. Kilichonisaidia ni kutembea, tena nikiwa bado nimechoka. Ningengoja nguvu zirudi kwanza, ningengoja sana.

Sisemi kutembea kunaponya saratani. Mazoezi yanakwenda pamoja na upasuaji, kemo na mionzi. Hayachukui nafasi ya hata kimoja. Akitokea mtu wa kukwambia uache dawa ukimbie, mkimbie yeye.

Lakini si jambo la kupuuza pia. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya utafiti uitwao CHALLENGE, uliofanyika zaidi Kanada na Australia. Wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana, waliokwisha kupasuliwa na kumaliza kemo, waligawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa maelekezo ya afya yaliyoandikwa. Jingine lilipewa mtu wa kulifuatilia na kulisimamia mazoezi kwa miaka 3. Kufikia mwaka wa 8, makadirio ya waliokuwa hai yalikuwa takriban asilimia 90 kwa waliosimamiwa na asilimia 83 kwa waliopewa maandishi. Na hawakutakiwa kuwa wanariadha: lengo liliweza kufikiwa kwa kutembea kwa kasi dakika 45 hadi 60, mara 3 au 4 kwa wiki. Waliofanya mazoezi waliumia misuli na viungo zaidi kuliko wenzao, kwa hiyo usianze kwa pupa. Mimi ninachokiona hapo ni yule msimamizi. Ushauri walipewa wote, waliopata mtu wa kuwauliza "leo umetoka?" ndio waliofanya vizuri zaidi. Kama hospitali yako haina mtu huyo, mtafute kwa ndugu au jirani, na awe mbishi kidogo.

Kuhusu kujikinga na saratani nitasema kifupi. Kuushughulisha mwili hupunguza uwezekano wa kupata saratani kadhaa, zikiwemo za utumbo mpana, titi, mji wa mimba, figo na kibofu. Sababu moja ni kwamba hushusha insulini na homoni ya estrojeni zinapokuwa nyingi mwilini. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kupunguza si kufuta, hata hivyo. Mimi nilikuwa mtu wa mazoezi na bado niliugua, kwa hiyo sitaki kumsikia anayemwambia mgonjwa kwamba alijitakia kwa uvivu.

Jambo lililonitia hofu zaidi ni mkono. Ukitolewa tezi za kwapani kwenye upasuaji wa titi, maji ya mwilini yaitwayo limfu yanaweza kutuama na mkono kuvimba. Zamani wanawake waliambiwa wasinyanyue kitu kizito maisha yao yote. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliowahusisha wanawake 141 ambao mikono yao ilishavimba. Walionyanyua vyuma, wakianza na vyepesi na kuongeza polepole chini ya uangalizi, hawakuvimba zaidi ya wenzao, na hali yao iliwachachamalia mara chache kuliko wasionyanyua. Nami nilianza hivyohivyo, mtaalamu wa fiziotherapia akiniangalia, na mkono wangu siku hizi unabeba.

Siku zinazofuata dripu ya kemo usijilazimishe. Kuzunguka nyumba kunatosha. Siku zikiwa nzuri, ongeza mwendo mpaka uweze kuzungumza lakini ushindwe kuimba. Ukishamaliza matibabu, dakika 30 mara 3 kwa wiki na mazoezi ya nguvu mara 2 ni kiwango kizuri cha kulenga.

Kuna siku za kutofanya kabisa: ukiwa na homa, kifua kikiuma, ukikosa pumzi hali umekaa. Kabla ya kuanza muulize daktari mambo haya waziwazi: je, ugonjwa umefika kwenye mifupa? Damu yangu ikoje, na chembe za kuigandisha zinatosha? Kinga ya mwili ikiwa imeshuka, epuka ukumbi wa mazoezi wenye watu wengi. Ukiwa na mpira wa kupitishia dawa kwenye mshipa, usiogelee. Na kama kemo imekuachia ganzi miguuni, vaa viatu vya kufunika au tumia baiskeli isiyotembea, maana mguu usiosikia ardhi huanguka kirahisi.