Mistari kama unywele kwenye meno ya mbele: mimi ninayo minne

Mdogo wangu uliyeuliza, umesema una mistari miwili myembamba kwenye meno ya mbele, haiumi, na unaogopa jino litapasuka. Umegusia pia kwamba soda huwa unaifungua kwa meno. Nakujibu kwa sababu mistari hiyo ninayo, na yangu najua ilikotoka.

Nashona nguo hapa Ngarenaro, Arusha, huu ni mwaka wa 16. Kazi nilifundishwa na shangazi yangu, naye uzi alikuwa anakata kwa meno, nami nikaiga. Mkasi upo mezani, lakini mkono mmoja umeshika pindo, wa pili una sindano, basi unainamisha kichwa, jino linakata. Msimu wa sare za shule, Desemba kuingia Januari, sikuhesabu ni mara ngapi kwa siku. Pini nazo nilizibana kwa meno hayohayo.

Jioni moja jua lilikuwa linapiga kwa ubavu kwenye kioo cha wateja. Nikatabasamu, nikaona mstari umeshuka kutoka karibu na ufizi hadi nchani. Sikulala vizuri usiku ule.

Daktari wa meno alimulika taa kutokea pembeni, ndivyo inavyoonekana vizuri, akaniambia ufa umeishia kwenye tabaka la nje, haujaingia ndani. Tabaka lile ndilo kitu kigumu kuliko vyote mwilini, lakini ni ugumu wa kigae: halipindi, linapata ufa. Tena halina chembe hai, kwa hiyo haliungi kama mfupa unavyounga. Watu wazima wengi wanayo mistari hiyo na haiwadhuru. Linalobaki ni kuizuia isiongezeke.

Halafu akaniuliza nikiamka asubuhi taya zinachoka? Zilikuwa zinachoka kila siku, nikidhani ni baridi ya Juni. Kumbe nilikuwa nasaga meno usingizini. Mume wangu alikuwa anasikia, hakuwahi kuniambia. Nikapimwa, nikatengenezewa kikinga cha kuvaa usiku. Wiki za kwanza kinakera sana, vumilia. Kwangu mimi hicho ndicho kilichosaidia kuliko vyote, maana uzi unaweza kuuacha kwa kuamua, kusaga meno huwezi kuamua ukiwa umelala.

Mengine unayajua: kutafuna barafu, kung'ata kucha, kumenya muwa kwa meno ya mbele, kuvunja mfupa. Muwa menya kwa kisu, ukate vipande, utafune kwa magego. Na ile tabia ya kunywa chai inayochemka kisha maji ya friji papo hapo, iache, jino linatanuka na kusinyaa kwa ghafla.

Aliyekushauri usugue mistari kwa mkaa na chumvi, naomba usimfuate. Mkaa unakwangua tabaka lilelile unalotaka kulilinda. Mistari ikishika rangi ya chai au kahawa, daktari anaweza kuisafisha au kuifunika.

Wengine wamechanganya nyufa hizi na meno ya kahawia tuliyozoea kuyaona huku kwetu. Hayo ni floraidi nyingi ya maji ya upande wa Mlima Meru, na yanaharibika jino likiwa bado linajijenga, mtoto hajafika miaka 8. Yakiathirika sana yanakuwa na vishimo na kumeguka kirahisi, kwa hiyo mwenye meno hayo ajihadhari zaidi. Wenye watoto wadogo: kuchemsha maji hakuondoi floraidi, maji yakipungua sufurianini inazidi kukolea. Na magadi ya kulainishia makande yana floraidi pia, kwa hiyo chakula cha mtoto pika bila magadi.

Usisubiri kama jino linauma unapong'ata au unapoachia, kama baridi inauma na maumivu hayatoki haraka, au kama kucha inakwama kwenye mstari. Huo si unywele tena, nenda ukaonwe wiki hii.

Yangu minne haijaongezeka tangu nianze kuvaa kikinga, na mkasi mdogo wa uzi nimeufunga kwa utepe shingoni. Hebu niambie, soda unafungulia jino lipi? Kama ni lenye mistari, anza kwa kuacha tabia hiyo leo, nunua kifungulio ukitundike kwenye funguo zako.