Red Sox hawakukosa fedha za kumbakiza Betts

Ndugu, umeuliza kama timu ya besiboli ya Boston Red Sox ilimwachia mchezaji wake nyota Mookie Betts aondoke kwa kukosa uwezo wa kumlipa. Kwa maoni yangu, hapana. Ligi kuu ya besiboli ya Marekani haina kikomo cha lazima cha mishahara; kilichopo ni kodi inayotozwa timu inayovuka kiwango kilichowekwa, ambacho mwaka 2020 kilikuwa dola milioni 208, na kodi hiyo hupanda timu inapokivuka miaka mfululizo. Ili kushuka chini ya kiwango hicho, Boston waliwapelekea Los Angeles Dodgers, timu nyingine ya ligi hiyo, Betts pamoja na David Price, mrushaji mwenye mshahara mnono, tena wakakubali kubeba sehemu ya mshahara wa Price. Miezi michache baadaye Dodgers walimpa Betts mkataba wa miaka 12 wenye thamani ya dola milioni 365.