Kabla hujamuuliza mkeo kuhusu kaswende, "Umeutoa wapi?"

Mara tatu nimelipwa kuwa mume wa mtu. Naendesha bodaboda wilayani Busia, Uganda, upande wa Majanji ambako barabara inaishia ziwani, na wenzangu wa stejini walioifanya kazi hiyo ni wengi. Mama mjamzito anakusimamisha, mnapatana nauli, kisha anashusha sauti: "Na tutaingia wote ndani. Nitakuongezea elfu tano." Siku ya kliniki, aliyekuja na mume huhudumiwa kwanza. Asiye naye hukaa kwenye benchi hadi saa nane, na siku mbaya huambiwa arudi pamoja naye. Basi unavua kofia, unaitikia jina lisilo lako, unajifanya unajua mimba ina miezi mingapi. Mara mbili nilitoroka kabla ya kutobolewa kidole.

Stejini tulicheka sana. Sikuwahi kujiuliza mke wangu mwenyewe alikuwa anakwenda kliniki na nani.

Alikuwa anakwenda peke yake. Nililijua hilo siku nilipoingiza mkono kwenye debe la unga wa muhogo, maana ndimo anamofichia pesa, nami nilitaka za petroli. Nikatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa na jina langu, ikinitaka nifike kituo cha afya, na tarehe ya siku kumi na sita nyuma. Chini yake, kwa kalamu, neno moja: kaswende. Huku kwetu wengi wanaiita kabotongo.

Nilimkuta uani anaanua mukene, wale dagaa wa ziwani. Nikamwonyesha karatasi, na neno la kwanza kunitoka lilikuwa, "Umeutoa wapi?"

Hakuinua hata macho. "Nilijua utauliza hivyo, Baba Zaituni. Ndiyo maana ilikaa kwenye unga."

Ndugu zangu wanaume, ningeweza kuishia hapo. Mtoto tumboni alikaa siku kumi na sita bila baba yake kujua kuna hatari, kwa sababu mama yake alijua vizuri nitakachosema. Na mimi sijawahi kumpiga mke wangu. Fikiria nyumba ambayo fimbo huwa inainuliwa.

Baada ya hapo nikafanya upumbavu wa pili. Nilikwenda duka la dawa, nikanunua vidonge vya rangi mbili, nikameza vitano, nikajiona nimemaliza. Kaswende haitibiwi kwa kubahatisha. Siku ya tatu nilikwenda kituoni, safari hii kwa jina langu. Musawo, yaani mhudumu wa afya, mama wa makamo, alinitazama kitambo, nadhani alikuwa ameshaniona pale nikiwa mume wa mwingine, lakini hakusema kitu.

Tone moja la damu, na kile kipimo kinaonyesha vyote viwili, virusi vya UKIMWI na kaswende. Virusi sikuwa navyo. Kaswende nilikuwa nayo. Nikauliza sasa nani alianza. Musawo akaniambia kipimo hakijui. Kidonda cha kwanza cha kaswende mara nyingi hakiumi, tena kinapona chenyewe bila dawa, mwenye nacho akadhani yamekwisha. Kumbe ugonjwa umelala mwilini, na unaweza kulala miaka mingi. Damu inasema upo. Haisemi uliingia lini wala kupitia kwa nani.

Nikakumbuka kidonda. Nilikipata nilipokuwa kijana navua visiwa vya Sigulu, miaka kabla sijamjua mke wangu. Hakikuuma. Kumwambia mke wangu habari ya kidonda hicho kulinichukua juma zima. Sindano zilichukua dakika mbili.

Sindano zenyewe ni penisilini, moja kila upande wa makalio, na siku mbili nilikaa kwenye pikipiki kwa upande mmoja kama mtoto aliyechapwa. Ukiwa na mzio wa penisilini mwambie musawo kabla hajakuchoma. Kwa mjamzito ndiyo dawa yenyewe, kwa kuwa inamfikia mtoto, na inatakiwa iwe imeingia angalau siku 30 kabla ya kujifungua. Kaswende ikiachwa bila tiba, mtoto anaweza kufia tumboni, au akazaliwa mgonjwa. Kituoni kwetu dawa zilikuwa zimeisha siku hiyo, tukaandikiwa tukanunue nje. Huduma za vituo vya serikali ni bure tangu 2001, lakini ya bure ikikosekana usisubiri mwezi ujao. Uza kuku.

Na mtibiwe wote. Mmoja akitibiwa peke yake, mwenzake anaweza kumwambukiza upya. Musawo alitupa siku saba za kutokutana, tangu wa mwisho kati yetu achomwe sindano, na vidonda vikiwepo mpaka vipone. Ikishindikana, kondomu.

Zile siku saba zilinifundisha jambo ambalo sikulitarajia. Siku ya kumi nilimgeukia mke wangu, akasema, "Bado." Nilitaka kumwambia siku zimeshapita, nilikuwa nimezihesabu. Shangazi yake alimfunza kwamba mke hamnyimi mumewe, na mimi nilikuwa nimeishi kwa raha juu ya funzo hilo bila kuuliza kama yeye analipenda. Tulikaa hivyo karibu miezi miwili. Usiku mmoja akaanza yeye mwenyewe kuzungumza, kuhusu mimba ya kwanza, jinsi alivyokuwa akiumia na mimi sikuona. Kuna wazee hapa watasema ndoa haina "bado". Sheria ya ukatili wa nyumbani ya mwaka 2010 inahesabu hata ukatili wa kitandani. Lakini sikuihitaji sheria ile usiku ule, nilihitaji kufunga mdomo.

Mama unayesoma hapa ukiwa na karatasi kama ile na unaogopa: si lazima uipeleke wewe. Mwombe musawo amwite mumeo kwa sababu nyingine, au VHT, yule mhudumu wa afya wa kujitolea wa kijiji, apite nyumbani kama anayepita tu, aseme wanaume wote wanapimwa. Wetu alishafanya hivyo kwa nyumba mbili ninazozijua. Wewe chomwa sindano yako kwanza, leo, usimngoje yeye.

Kwa walio kliniki nina neno moja, mnisamehe. Utaratibu wa kumtanguliza mwenye mume ulikusudiwa kutuvuta sisi wanaume. Waliovutwa ni sisi wa bodaboda. Mjane anakaa kwenye benchi, mke wa mvuvi aliyeko visiwani anakaa kwenye benchi, na binti wa miaka kumi na sita ambaye aliyempa mimba anatakiwa awe mikononi mwa polisi, si kliniki, naye anaambiwa arudi na mume. Mtuite kwa njia nyingine. Njooni stejini Jumapili na vipimo vyenu, tutapanga foleni.

Jambo la mwisho, kwa sababu lilitaka kutuvunja mara ya pili. Miaka mitatu baadaye mke wangu akapata mimba tena, akapimwa, na kaswende ikaonekana tena. Safari hii nilikuwa nimekaa pembeni yake kwenye benchi. Niliuhisi mkono wake ukikaza. Hata mimi, Mungu anisamehe, kichwa kilianza kuhesabu safari zake za sokoni. Musawo, kijana mgeni, alikuwa ameanza kuandika ile karatasi. Mke wangu akatoa kitabu cha zamani, chenye tarehe za sindano zangu na zake. Kile kipimo cha haraka husoma alama ambazo ugonjwa umeacha kwenye damu, na alama hizo mara nyingi hubaki maisha yote hata kwa aliyepona. Kujua kama ugonjwa umerudi kunahitaji kipimo kingine, chenye namba inayopanda na kushuka. Tulipelekwa hospitali ya mbele, tukapimwa, tukarudi bila sindano.

Kitabu hicho sasa kiko kwenye mfuko wa nailoni juu ya kabati, pamoja na kadi ya pikipiki. Kwenye debe kuna unga, na pesa zake, ambazo siku hizi naomba.