Kunakili DVD: maswali yenu na majibu yetu

Nina DVD nyingi za video za familia. Nianze na programu gani?

Kwa Windows, tumia ImgBurn, ni ya bure. Mwanzoni usibane chochote: toa kwanza faili ya ISO ya diski nzima. Humo mna menyu, manukuu na sauti zote, na ukikosea baadaye unarudi kwenye ISO bila kuigusa tena diski yenyewe. ImgBurn haisomi filamu zenye ulinzi wa kuzuia kunakili, na nchi nyingi zinakataza kuuvunja. Majibu haya ni ya diski ulizorekodi mwenyewe.

ISO yangu ina GB 7.2, diski tupu ni ya GB 4.7. Niibane?

Ukiweza, usiibane. Hiyo "4.7" Windows inaionyesha kama 4.38 hivi, maana kiwanda kinahesabu kwa 1000 na Windows kwa 1024. Kwa hiyo utatupa karibu asilimia 40 ya data, na hasara itaonekana kwanza kwenye maji, moshi na majani yanayotikisika: picha inamegeka vijiraba. Nunua DVD+R DL, yenye matabaka mawili na GB 8.5, au ibakize ISO kwenye diski kuu (hard disk) mbili tofauti.

Nataka faili ya kutazama kwenye simu. HandBrake, ile programu ya kubadilisha video, niiseti vipi?

Chagua H.264, njia ya kubana video, kisha RF, namba ya ubora, kati ya 18 na 20. Namba ikishuka, ubora na ukubwa wa faili vinapanda. Usiongeze vipimo vya picha. 720×576 ya PAL au 720×480 ya NTSC (mifumo miwili ya video ya DVD) haipati undani mpya kwa kukuzwa. Acha pia uwiano wa picha ujipange wenyewe, la sivyo watu watatokea wembamba au wanene.

Kisha simamisha video mahali mtu anapopunga mkono. Ukiona kingo za vidole zina mistari kama meno ya kitana, picha imerekodiwa kwa mistari ya kupishana. Washa Yadif au Decomb kwenye vichujio, halafu jaribu dakika moja kabla ya kubadilisha video nzima.

Kusoma kunakwama katikati ya diski.

Ifute kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi, kutoka katikati kwenda ukingoni, moja kwa moja. Usizungushe. Mkwaruzo unaofuata duara unaharibu data nyingi mfululizo, na draivu inashindwa kuisahihisha. Ikigoma bado, tumia ddrescue ya Linux, programu ya kuokoa data (`/dev/sr0` ni draivu ya DVD):

`ddrescue -n -b 2048 /dev/sr0 diski.iso diski.map`

Hii inachukua kwanza panaposomeka kwa urahisi. Rudia ukiweka `-d -r3` badala ya `-n` ili irudie sehemu mbovu mara tatu. Usifute faili ya map: ndiyo inayokumbuka palipobaki, na unaweza kuhamia draivu nyingine ukaendelea hapohapo. Draivu moja mara nyingi husoma kilichoishinda nyingine.

Nimechoma diski, deki haiichezi.

Ifungue kwenye kompyuta. Ukikuta faili moja ya .iso, uliichoma kama faili ya kawaida; choma upya kwa kuchagua kuandika ISO kwenye diski. Ukikuta folda ya VIDEO_TS, hakikisha diski ilifungwa (finalize) mwishoni mwa kuchoma, kisha jaribu nyingine kwa kasi ya 8x badala ya 16x na uwashe uhakiki baada ya kuchoma.